Chini ya Lori Haingii Mtu

Mpini wa jeki ulikuwa mkononi mwa Tsehaynesh, na aliyeutaka ilibidi amnyang'anye. Mumewe, Mulat, alimjua vizuri, hakujaribu. Shemeji yake Ayalneh, kaka mkubwa wa Mulat, alinyoosha mkono.

"Lete huo mpini, shemeji. Kazi yako kahawa, hii ni ya wanaume."

"Kahawa ipo jikoni. Kamimine mwenyewe."

Lori lilikuwa katikati ya ua wao hapo Kombolcha, springi ya nyuma imekatika na magunia ya mtama bado yamejaa juu yake. Mulat alitaka kuliwahi soko la Bati. Ayalneh, dereva mstaafu ambaye mdomo wake haukustaafu, alikuwa ameshapanga matofali ya saruji, yale yenye matundu, ili chesisi, fremu ya chini ya lori, iyakalie wakati mdogo wake yuko chini. Kwenye magurudumu ya mbele hakuweka hata jiwe moja la kuyazuia.

Tofali la namna hiyo ndilo lililomuua jirani yao Tadele wakati wa mvua. Lilipasuka ghafla, lori likamlalia. Chama cha kuzikana kilileta hema na masufuria, na Tsehaynesh alipika mikate ya injera ya matanga huku mjane akimuuliza kila aliyeingia kama Tadele amekula. Swali hilo lilikuwa halijamtoka kichwani.

"Tadele alikuwa na papara," alisema Ayalneh. "Mimi nimelala chini ya malori kabla wewe hujazaliwa. Tena picha ya Malaika Mikaeli ipo pale kwenye kioo cha lori, anatulinda."

"Mikaeli ana kazi nyingi. Boriti haina kazi nyingine."

"Boriti gani?"

Akazionyesha kwa mpini. Zilikuwa boriti nene za mraba, zimelazwa kando ya ukuta, za kuezekea jiko lake jipya. Alikuwa ameuza kuku mmoja mmoja mpaka akazipata.

Mulat alishtuka. "Tsehay, si za jiko lako hizo?"

"Kateni. Nitapikia mvuani. Shusheni magunia, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu, halafu pangeni boriti mbili mbili, za juu zikatize za chini. Hapo mume wangu ataingia. Kabla ya hapo, chini ya lori hili haingii mtu."

Ayalneh alicheka mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. "Mdogo wangu, kwani wewe ndiye uliyeolewa?"

Maneno hayo yalimchoma Mulat. Akavua koti, akapiga hatua kuelekea lilipo lori. Tsehaynesh aliogopa, na alipoogopa alizidi kukasirika.

"Haya, shemeji," alisema. "Matofali yako ni imara?"

"Imara kabisa."

"Basi ingia wewe kwanza. Mulat atapiga jeki, wewe lala chini."

Ayalneh aliyatazama matofali. Akalitazama lori na magunia yake. Akavuta shuka begani.

"Leo goti linanisumbua," alisema.

"Goti!" alidakia jirani mmoja, na ukuta mzima ukaangua kicheko.

Tsehaynesh hakucheka. "Na mume wangu yeye hana goti?"

Mulat mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchukua msumeno.

Magunia yalishushwa, mawe yakawekwa, boriti zikakatwa vipande na kupangwa. Lori lilipokwisha kuzikalia, Tsehaynesh alilisukuma kwa bega lake, akamwita Mulat naye asukume. Halikutikisika. Ndipo alipotoa ruhusa.

Mulat aliingia, akaifungua springi iliyokatika, lakini mpya iligoma kuingia. "Inueni kidogo!" Mulat aliita kutoka chini.

"Toka kwanza," alisema Tsehaynesh.

"Ni kidogo tu," alisema Ayalneh, ameshauokota mpini na kuanza kupiga jeki.

Hapakuwa na muda wa kubishana. Chesisi ilipoinuka, Tsehaynesh alichomeka kipande cha ubao juu ya boriti. Ilipoinuka tena, akachomeka cha pili na kuondoa mkono.

"Shemeji, sasa umezidi—" alianza Tsehaynesh.

Jeki ikatema mafuta. Lori likashuka kwa kishindo, mbao zikalia, vumbi likatimka, na mke wa jirani akapiga ukelele juu ya ukuta. Kisha lori likatulia juu ya boriti.

"Mulat!" aliita Tsehaynesh.

"Nipo," Mulat alijibu kutoka chini. "Nipo mzima."

Akatoka kwa kutambaa, uso umejaa grisi, akakaa chini pale pale na kumshika mkewe mguu.

Ayalneh alijifuta mafuta usoni. "Mshukuru Mikaeli, shemeji," alisema polepole.

"Nimeshamshukuru. Sasa wewe nishukuru mimi."

Akasimama mbele yake, asisogee, mpaka Ayalneh akasema asante.