Sura ya Kumi Mwanamke Hupiga Magoti

Sayari ya Orsavel ilikuwa ikimjia Verna Haskett anapopiga pasi. Si usingizini, la, mchana kweupe, ndani ya mvuke, shati la mumewe Dale likiwa limelazwa kifudifudi juu ya ubao. Ukuta wa jikoni huanza kulegea taratibu. Mji mzima wa Kokomo na viwanda vyake vya vipuri hurudi nyuma, na mbele yake hutandaa nyasi nyekundu zinazomfika kiunoni. Juu kuna miezi miwili, mmoja mkubwa wa rangi ya ganda la mkate, mwingine mdogo unaoufuata nyuma kama kifaranga. Upepo wa huko unanukia mdalasini. Ndege wakubwa wa kupandwa hupita kimya kimya, na migongoni mwao wamekaa wanaume wenye panga, vifua wazi, ambao tangu wazaliwe hawajauliza chakula kiko wapi.

Mama wa watu ana miaka hamsini na mmoja, mwimbaji wa kwaya ya Wamethodisti, mikono imekauka kwa sabuni. Nani angemdhania? Maana sayari hiyo ilikuwa inauzwa kwenye vituo vya mabasi nchi nzima, vitabu vinane vya jalada jepesi, na kila kimoja kimebandikwa jina la Kapteni Rafe Holloway. Kapteni mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Jina lilikuwa mali ya kampuni ya vitabu kule New York, na nyuma ya jalada walimwekea masharubu, wakasema ni baharia mstaafu anayeishi jangwani na anafuga chui. Chui! Verna alikuwa na paka mmoja tu, tena chongo.

Kazi ile ilikuwa na kanuni zake. Kwanza huchorwa jalada, hadithi huja baadaye. Wauzaji wanataka picha mapema, basi mchoraji anachora linalomjia, picha inatumwa kwa mwandishi, na mwandishi atajua mwenyewe jinsi ya kuifikia. Ukiletewa mjusi mwenye mabawa, mtafutie mjusi wako mahali pa kutua. Kanuni ya pili haikuandikwa popote, ila kila mtu aliijua: sura ya tatu mwanamke mwenye kiburi anatekwa, sura ya kumi anapiga magoti kwa hiari yake, anakiri kwamba hakuijua raha mpaka alipotiwa mnyororo.

Kitabu cha kwanza hakikuwa na magoti. Mhariri, Bwana Pruitt, alikirudisha na maandishi ya kalamu ya buluu pembeni: "Huyu mwanamke anasalimu amri lini?" Verna alikasirika, akakaa mezani auandike haraka upuuzi huo uishe. Na hapo ndipo ilipo siri ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Aliiandika sura ile kwa kikao kimoja, na akalia. Malkia wa hadithi aliweka chini upanga, akaweka chini ufalme na kazi ya kukumbuka nani kala nani hajala, akasema, nimechoka, niamulie wewe. Verna, mwenye watoto watatu na mama mkwe wa kuogeshwa kitandani, alilia kwa utamu wa neno hilo.

Wasomaji nao walilisikia. Barua zilimiminika. Wanaume walimshukuru Kapteni kwa kusema kweli juu ya wanawake. Wanawake wengi walimlaani, wakamwambia hiyo minyororo ajifunge yeye na ukoo wake. Lakini walikuwapo wengine, na hao ndio waliomtia Verna baridi, waliouliza kwa mwandiko mzuri wa shule: Bwana Kapteni, Orsavel inafikiwa kwa njia gani?

Alhamisi moja ya Oktoba, mwaka wa sabini na mbili, posta ikaleta jalada la kitabu cha tisa. Verna alifungua bahasha amesimama. Palikuwa na jiwe, palikuwa na mwanamume amepanua miguu juu yake, upanga juu, yaani yale yale ya siku zote. Chini ya goti lake mwanamke amepiga magoti, mnyororo unatoka shingoni mwake mpaka kwenye ngumi ya bwana. Verna akatazama uso wa yule mwanamke. Akatazama tena. Pua ile aliifuta makamasi yeye mwenyewe. Na kidevuni mchoraji hakusahau hata kovu la kuanguka na baiskeli.

Alikuwa Corinne, kitinda mimba wake, aliyekwenda New York miaka miwili nyuma kusomea uchoraji.

"Yesu wangu," Verna akasema, akakaa chini.

Alijaribu kuandika, mkataba ni mkataba. Akatia karatasi kwenye mashine, akamchukua yule msichana akampeleka Orsavel. Sura ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Walitembea wawili katika nyasi nyekundu, na kila baada ya hatua chache msichana alizidi kuwa mdogo, mpaka akawa wa miaka mitatu, kamshika mama yake kidole. Mwezi mdogo ulikuwa chini kiasi kwamba wangeweza kuugusa. Kisha Brannoch, shujaa wa vitabu vyote vinane, akatokea na mnyororo wake. Verna akasimama mbele yake amebeba kikapu cha nguo chafu, akitafuta la kusema, asilione. Brannoch hakumtazama hata. "Piga magoti," alimwambia mtoto. Na mtoto, bila kuambiwa mara ya pili, akaanza kushuka, anatabasamu kidogo. Tabasamu lile Verna alilijua. Alilitunga yeye.

Akaing'oa karatasi kwenye mashine, na mpaka Jumapili hakugusa tena.

Corinne alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Simu ya nyumba ile ilikuwa moja tu, ukutani jikoni, kwa hiyo kila lililosemwa Dale alilisikia, maana saa hiyo Dale yuko mezani na kipande chake cha pai ya tufaha, na kipande cha jibini juu yake. Dale hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Hajawahi kuinua mkono, hajawahi kulala nje. Alijua kwamba mkewe anachapa vitu fulani kwa ajili ya ofisi fulani ya New York, na hakuona haja ya kuuliza ni vitu gani.

"Mama! Nina habari. Kaa kwanza."

"Nimekaa," Verna akadanganya.

"Naolewa."

"We! Na nani?"

"Anaitwa Leland. Mchoraji, anachora majalada ya vitabu. Nilimkalia anichore. Usicheke, mama. Juu ya sanduku la machungwa, magoti chini, na mnyororo wa mbwa wake shingoni! Ananipiga picha ya kuchorea, mguu umekufa ganzi, na mbwa mwenyewe ananibwekea, anataka mnyororo wake."

Verna hakucheka. "Na shule?"

"Naacha. Leland anasema nyumba moja haikai wachoraji wawili. Mmoja achore, mwingine amtunze."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema sawa." Halafu sauti ikashuka, ikawa ya yule mtoto aliyeanguka na baiskeli. "Nimechoka, mama. Kila kukicha ni kupigana. Mwalimu ananiambia nachora mikono kama mwanamume, sijui ananisifu, sijui ananitukana. Wasichana wenzangu nao wanasema usimkaangie mwanamume hata yai. Kila mtu ana amri zake. Leland alinipa kitabu, cha kwanza kile cha Kapteni Holloway. Umekiona?"

"Nimekiona kituo cha basi."

"Basi kuna mahali, sura ya kumi, malkia anasema, 'Nimebeba ufalme tangu utotoni. Leo nimeutua, na bega langu limejua kwamba ni bega.' Nililia, mama, haki ya Mungu nililia. Nikasema huyu baba ananijua kuliko ninavyojijua. Ndiyo siku niliyomkubalia Leland."

Verna akashika ukingo wa meza. Neno la mkono wake limezunguka nchi nzima, limepita kwenye masanduku na vituo vya mabasi, na mwisho wa yote limekwenda kumshika mtoto wake. Mkataba ulisema akifichua jina, atanyang'anywa Orsavel, na Pruitt atampa mwingine. Na Dale huyo hapo, uma mkononi. Lakini mficha uchi hazai, na huyu mtoto tayari amezaliwa.

"Corinne, kile kitabu nilikiandika mimi."

Kicheko kikapasuka upande wa pili. "Mama jamani! Ameandika baharia mmoja ana chui!"

"Hakuna chui, kuna huyu paka wetu. Yule yaya wa malkia, anayetia chumvi kwenye kahawa halafu analaumu watu wote, unamfahamu ni nani?"

Kicheko kikakatika. Kisha, polepole: "Bibi."

Uma wa Dale ukasimama njiani. Bibi huyo ndiye mama yake mzazi.

"Bibi mtupu," Corinne akasema. "Ee Mungu. Ni wewe." Verna akamsikia anavuta pumzi, akadhani zitafuata kelele, na angezipokea. Ikaja furaha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Basi ni kweli zaidi! Kama ni wewe, mama, basi ni kweli kabisa. Maisha yako yote ulikuwa magotini. Sakafu ya kanisa, kitanda cha bibi, kamba za viatu vyetu. Na ulikuwa unaimba! Nilikuwa nakuona. Kule juu ya sanduku nilikuwa nakuwaza wewe, nikasema mbona mama aliweza. Ulikuwa na raha, si ndiyo?"

Jibu lilikuwa jepesi mdomoni. Akisema ndiyo, mtoto atakwenda kwa Leland akichekelea, Dale atamaliza pai yake kwa amani, Pruitt atapata sura ya kumi. Ukuta wa jikoni ukaanza kulegea, Verna akauona. Mdalasini ukamfikia puani. Nyasi nyekundu zilikuwa pale pale nyuma ya friji, zinainama, zinamwita, njoo upumzike. Alizitaka, tusidanganyane, alizitaka sana. Akafumba macho mpaka harufu ya pai ikarudi.

"Hapana," akasema. "Sikuwa na raha."

Dale akainua kichwa.

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Mtu akichoka vile, pakavu popote atapaita peponi. Yule malkia hakutaka bwana, alitaka kulala. Mimi sikujua tofauti, nikaandika hivyo, na nikakuuzia hata wewe."

"Lakini ulikuwa unaimba." Sasa analia.

"Niliimba ili mimi nisijisikie."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilikwenda kusemea Orsavel." Verna akajifuta pua kwa aproni. "Sikiliza. Lala. Lala siku mbili, watu wote na amri zao wapishe. Ukiamka bado unamtaka huyo Leland, mtake, mimi nitakuja harusini na kofia yangu. Lakini mkono wako wa kuchora usiuache kwa sababu ya uchovu. Uchovu unaisha, mkono ukishauacha haurudi ulivyokuwa."

Corinne akalia kwa muda, na mama yake akamwachia, hakumharakisha. Mwisho alipenga kamasi kwa nguvu, kama alivyozoea tangu utotoni.

"Nitamwambia asubiri nimalize."

"Asipokubali?"

"Basi. Sanduku analo, mnyororo anao. Apige magoti mwenyewe ajichore."

Verna akacheka mpaka akasahau kwamba bado analia. Waliagana. Akaitundika simu, na mkono wake ukabaki juu yake, maana sasa ilimbidi ageuke. Kitabu cha tisa kitapata sura nyingine au kitaikosa, Pruitt na kalamu yake watajijua. La hapa jikoni lilikuwa lake.

Akageuka. Dale alikuwa amekaa vile vile, masikio mekundu, mikono miwili imelala kila upande wa sahani.

"Chumvi kwenye kahawa," akasema.

"Ndiyo."

"Ni mama kabisa." Karibu atabasamu, lakini tabasamu halikutoka. "Miaka ishirini na minane, Verna."

"Najua."

"Kwani mimi nilikufunga?"

"Hapana, Dale. Ungenifunga ningejua pa kukata."

Nje jirani alikuwa anakusanya majani makavu, reki inakwaruza. Verna alingoja ghadhabu, akangoja mlango upigwe, maana ndivyo wanaume wa vitabu vyake wangefanya, na mwanamume mwingine hakuwahi kumtunga.

"Na mimi," Dale akauliza, "mimi ni nani humo?"

Verna akavipitia vitabu vyote vinane. Alikwenda mbio katika nyasi nyekundu, akaingia majumba, akatazama sura moja moja, Brannoch, walinzi, mvushaji wa mtoni, hata yule mzee anayewalisha ndege. Alimtafuta kwa haki kabisa, tena kwa hofu, akiombea ampate hata mlangoni amesimama.

"Hutokei, Dale," akasema. "Nimekutafuta sasa hivi. Hutokei popote."

Dale akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo alilokwisha kulishuku. Halafu kwa mguu akasukuma kiti cha upande wa pili wa meza, kikasogea nje, na Verna akaja akakaa.