Mkono wa Mwalimu Veneranda

Walipomaliza kusiriba nyumba zao, akina mama wa kisomo cha watu wazima walichukua udongo mwekundu uliobaki, wakaongeza masizi na chokaa, wakamchora Mwalimu Veneranda kwenye ukuta wa darasa. Kijiji kilikuwa kipya, cha Operesheni Vijiji, watu walikohamishiwa na serikali, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mwalimu alikuwa amehamishwa kwa sababu aliwaambia wageni wa serikali kwamba watu wameletwa mahali pasipo na kisima. Sasa Mkuu wa Wilaya anakuja. Wangemwonyesha picha, wamwombe mwalimu wao arudi.

Kila mmoja alichora alichokijua. Bernadeta alichora mwanya. Tekla alichora mkono wa kulia, maana ndio uliomshika mkono siku alipoandika jina lake mara ya kwanza.

"Vidole vinene kama mihogo!" Bernadeta alisema.

"Ndivyo vilivyo. Wewe ulikuwa unamtazama meno tu."

Kesho yake Tekla alikosea herufi ubaoni. Mkono ukatoka ukutani mpaka kwenye kiwiko, ukaushika wake, wakaandika pamoja. Ulikuwa na joto, ukinukia udongo mbichi. Tekla aliinamisha kichwa kama yuko kanisani kengele ya mageuzo inapolia, padri akiinua hostia. Wenzake walivua kandambili, wakapanga foleni.

Mkuu wa Wilaya alipofika, hata Bibi Ngollo, aliyekuwa akishika chaki kama mchi, aliandika sentensi nzima, mkono ukimwongoza. Mkuu alivua kofia.

"Shikamoo, bibi. Hongera."

"Marahaba, baba."

Tekla akasimama. "Ndugu Mkuu, tunaomba mwalimu wetu arudishwe."

"Mwalimu si huyu hapa?" Mkuu aliuonyesha ukuta.

"Hiyo ni picha, ndugu."

"Picha inayofundisha hivi, tena haili mshahara!" alidakia Katibu wa kijiji. "Wenzenu hawana hata picha."

"Na kisima?" Tekla aliuliza.

"Mama, usianze maneno ya mwalimu wako," Katibu alimkatiza.

Mkuu na msafara wake wakapiga makofi, wakapanda Landrova, wakaenda zao.

Tangu hapo akina mama waliendelea kuchota maji kwenye mto wa mbali, na wakawa wanachelewa darasani. Walipoingia, kanga zimelowa mabegani, Mwalimu alikuwa ukutani, mkono umeshatoka, chaki mkononi. Hakumwuliza mtu alikotoka. Alimngoja kila mmoja atue ndoo, apumue, ndipo akamshika mkono.