Anayetambaa Chali

Birika lilikuwa zito mkononi mwangu, na mvuke wake ulikuwa umenilowesha uso. Mbele yangu, katika lundo la mboji la baba yangu, mabuu weupe walikuwa wamejikunja kwa mamia, wanene kama kidole gumba. Nilifumba macho nikamwaga.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Julai, miaka thelathini iliyopita, kwenye bustani za kukodi kando ya reli, mjini Leipzig, Ujerumani. Hofu yenyewe ilianza Jumanne, nilipokwenda kugeuza mboji. Hiyo ni kazi ambayo Baba hakuwahi kumwachia mtu, lakini sasa alikuwa hospitalini wiki ya sita, kiharusi kimempooza upande mmoja na kumfunga ulimi. Daktari aliniambia wazi kwamba mzee anahitaji sababu ya kuamka. Sababu yake ilikuwa moja tu, ile bustani. Koleo la kwanza likatoka na mabuu, na jirani yetu, Mzee Oertel, akawaona kutoka upande wa pili wa ua wa mimea.

"Sigrun! Mungu wangu, hao ndio walionimaliza! Mwaka juzi walinilia mizizi yote, stroberi zikafa, nyasi ikabaki upara kama kichwa changu hiki."

"Sasa nifanye nini?"

"Maji ya moto, binti yangu. Tena kabla ya Jumamosi. Kamati ikiwakuta, mmekwisha. Kuna watu mia wanaisubiri hiyo bustani."

Hakuwa mchongezi, alisema kwa nia njema. Kila kiangazi kamati ya chama kinachokodisha bustani hizo ilipita na fimbo ya kupimia kimo cha ua, na sisi tulikuwa tumeshapata barua mbili: ua umezidi, matuta ya mboga yameota magugu. Hayo nilikuwa nimeyarekebisha, lakini barua ya tatu ingekuwa ya kutufukuza. Siku tatu nilikwenda kazini nikijiona nimesimama kando ya kitanda cha Baba nikimwambia kwamba hakuna bustani tena.

Basi Ijumaa nikachemsha maji kwenye jiko la kibandani, birika baada ya birika. Nilikuwa nimechoma nusu ya lundo, mkono umeungua kwa mvuke na harufu inanipanda kooni, nilipomwona buu mmoja ameangukia kwenye zege. Alikaa amejikunja. Kisha akajinyoosha, akalala chali, miguu yake midogo ikipapasa hewa, akaanza kutambaa kwa mgongo.

Niliweka birika chini. Nilikuwa na miaka saba Baba alipoweka buu kama yule juu ya meza ya bustani, kando ya kikombe chake cha kahawa.

"Usimguse. Ngoja uone," alisema, na buu akageuka. "Anayetambaa chali ni wetu. Huyu anakula vilivyokufa tu, mizizi haigusi. Mboji anatengeneza yeye, sifa napewa mimi."

Wale wa Mzee Oertel, watoto wa mbawakawa wa mwezi wa Mei, hujiburuta kwa ubavu. Nilifundishwa hayo mezani pa baba yangu, nikayasahau. Niliketi kwenye zege nikalia. Kisha nikafanya jambo ninalolionea haya mpaka leo: nikaufunika upande niliouchoma kwa nyasi zilizokatwa.

Jumamosi saa nne Bi Lindner, mwenyekiti wa chama, akaingia na fimbo yake na wanaume wawili. Mzee Oertel alifuata nyuma. Bi Lindner alifukua upande ambao sikuuchoma, akanitazama.

"Mabuu, Sigrun."

Nilimtoa mmoja nikamweka kwenye zege. Akajikunja, akatulia.

"Huyo amekufa," alisema mmoja wa wale wanaume.

"Subirini kidogo, tafadhali."

Tulisubiri. Treni ikapita. Ndipo buu akageuka chali, akaondoka zake.

Bi Lindner akacheka. "Mbawakawa wa kijani! Baba yako, Mzee Wendelin, na wanawe hawa! Hao hata sheria inawalinda. Usije ukawagusa."

"Siwagusi," nilisema.

Mzee Oertel alinitazama, akalitazama birika lililobaki mlangoni mwa kibanda. Akasogea taratibu, akasimama mbele ya birika mpaka kamati ilipotoka.

Alasiri nilikwenda hospitali. "Bustani ni yetu bado, Baba," nilimwambia. Aliinua mkono wake mzima, akageuza kiganja juu, akavichezesha vidole hewani. Nilielewa papo hapo.

"Wapo, Baba."

Midomo yake ikahangaika. "Wo... te?"

Wiki sita hatukuwa tumesikia neno kutoka kwake. Muuguzi aligeuka mlangoni, mkono mdomoni. Mimi niliogopa kuliko nilivyoiogopa kamati, maana neno "ndiyo" lilikuwa jepesi na hakuna ambaye angejua.

"Nusu," nilisema. "Wengine niliwachoma kwa maji ya moto. Nilisahau ulichonifundisha."

Alifumba macho. Nilidhani amerudi kwenye ukimya wake. Kisha akauinua mkono wake mzima, akauweka juu ya ule uliopooza.

"Nusu," alisema polepole. "Tutaona."