Ulimi wa Mama Mkwe

Bibi hakuwa na kinyongo na mke wa mwanawe, ila chai tu. Chai ya yule mwanamke, alimwambia kila mwenye masikio, ni maji ya kusuuzia vikombe. Chai ya binti yake wa kumzaa, hiyo ndiyo chai.

Mkwe mwenyewe alikuwa mhadhiri wa saikolojia, wa kwanza chuoni kwao kufungua maabara ya kupima jinsi watu wanavyohisi na kufikiri. Maabara yenyewe ilikuwa stoo chini ya ngazi. Ilibidi ahamishe mafagio na ndoo ndipo apate pa kuweka meza. Wenzake wakamcheka, wakambandika jina la Mama Vipimo. Akalipenda, akaliandika mlangoni.

Jumapili moja aliweka vikombe viwili mbele ya mama mkwe. "Hiki kapika wifi, Mama. Hiki nimepika mimi."

Bibi akanywa cha binti yake, akafumba macho. "Hii inateremka yenyewe." Akaonja cha pili, uso ukamkunjamana kama aliyelamba shubiri. "Mwanangu, vitabu unaviweza. Jiko muachie mwenye jiko."

Mama Vipimo akavipeleka jikoni, akavirudisha, safari hii akivitaja kinyume. Bibi akakisifu kile alichokikunjia uso, akakikunjia uso kile alichokisifu. Huko jikoni binti yake alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

"Mama," mkwe akasema taratibu, "yote imetoka birika moja. Na nimepika mimi."

Bibi akajitanda mtandio, akatoka bila kuaga. Mwezi mzima hakutia mguu nyumba ile, na mwanawe akawa mpira: mke anamtuma, mama anamfukuza.

Mwishowe Mama Vipimo akaenda mwenyewe, akapiga magoti sebuleni. "Mama, nimekukosea. Nilikupima bila kukuomba ruhusa. Sitamfanyia mtu hivyo tena maishani."

"Umenivua nguo mbele ya binti yangu!"

"Hata mimi nimevuliwa. Nilimwomba mume wangu anipime vilevile. Akanipa vikombe viwili, akasema kimoja umepika wewe, Mama. Nikaapa hicho ni kichungu."

"Kumbe?"

"Kumbe vyote kapika yeye."

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. "Yaani mwanangu anajua kupika chai, na miaka yote ananiomba nimpikie!"

"Ulimi, Mama, huonja kile ambacho moyo umekwisha kuambiwa."

"Basi kamwambie hivyo jirani yangu. Anadhani wake ni mzani."

Tangu hapo Bibi akawa mpiga debe wa maabara. Alimleta jirani, akamleta mwenye bucha, akamleta kiongozi wa kwaya aliyeapa kwamba anaitambua sauti ya kila mwimbaji wake. Kila mmoja aliombwa ruhusa kwanza, na kila mmoja alitoka akijikuna kichwa. Benchi la chini ya ngazi likajaa. Wenzake waliomcheka wakaanza kuleta wanafunzi wao. Habari ya chai ikachapishwa, ikasomwa hadi vyuo vya mbali, na humo Bibi aliitwa "Mshiriki wa Kwanza" tu, maana Mama Vipimo hakutaja jina la mtu aliyempima.

Maradhi yalimchukua Mama Vipimo mapema, kabla mvi hazijamkaa. Bibi alimlilia kuliko alivyomlilia mumewe, na hakuona haya kusema hivyo.

Chuo kilipojenga maabara mpya, yenye madirisha, kikaipa jina la marehemu na kumwalika Bibi akae mbele. Mkuu wa maabara, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa marehemu, akahutubia: "Kazi hii yote ilianza na Mshiriki wa Kwanza, mama mmoja mtu mzima, mkaidi kupindukia..."

"Ni mimi huyo!" Bibi akainuka na fimbo yake.

Ukumbi mzima ukageuka. "Bibi," mkuu akasema, "majina ya washiriki ni siri. Ndiyo sheria aliyotuachia."

"Aliwaachia sheria ya kuomba ruhusa. Nani aliniomba ruhusa ya kunificha? Mji mzima unajua, nimewaambia mwenyewe!"

Makofi yakalipuka, mkuu akasalimu amri. Kumtuliza, akamwuliza kama angependa kujaribu chombo kipya. Bibi akakubali. Wakamkalisha mbele ya kitaa kidogo: kikiwaka tu, abonyeze kitufe, mashine ipime amekawia kiasi gani.

Kikawaka. Bibi akakitazama, akarekebisha miwani, akabonyeza.

Mkuu akasoma mashine, akaanza kutafuta maneno ya adabu.

"Usihangaike, mwanangu," Bibi akamwambia. "Hiyo taa yenu ndiyo imechelewa. Washeni tena."