Taa ya Ngazi

Tangu Mzee Muhigirwa abadilishe mwenyewe swichi ya chini ya ngazi, taa ilimtii tu pale swichi ya juu ilipoelekea upande mmoja. Huko juu alilala shemeji yake Bernadette, muuza dagaa wa sambaza kutoka Bukavu, ng’ambo ya mpaka. Muhigirwa hakuamini ajali. Aliamini mikono ya watu.

“Unaichezea ili nianguke,” alimwambia Bernadette mbele ya mkewe, Joselyne.

“Papa Jolie, miye asubuhi niko mupakani na samaki. Ngazi yako nitaiwinda saa ngapi? Leo narudi kwetu, utafute mwizi mwingine,” alijibu Bernadette, akimwita kwa jina la bintiye kama kawaida.

“Akienda dada yangu, nami naenda,” alisema Joselyne.

Muhigirwa akakata umeme, akaifungua swichi akitafuta alama za hujuma. Akakuta kazi yake mwenyewe. Katika swichi ya zamani, ambayo hakuitupa, waya mkuu ulikaa juu, peke yake. Katika mpya, tundu lake lilikuwa chini. Alikuwa amefuata mahali waya ulipokaa, hakusoma alama za matundu. Akauhamisha waya, akarudisha umeme. Taa ikawaka.

“Ilikuwa waya,” alitangaza.

“Na miye?” aliuliza Bernadette kutoka juu, begi mkononi.

Muhigirwa akainama kukaza skrubu za swichi. Ghafla ngazi ikawa giza. Akabonyeza swichi yake. Taa ikawaka bila ubishi. Bernadette alikuwa ameliweka begi sakafuni, na kidole chake kilikuwa bado kwenye swichi ya juu.

Hatimaye, aliwaza Muhigirwa, ushahidi umepatikana.