Neno la Kumpelekea Dada Tusekile

Jana niliota mchana kweupe, nimelala kwenye kochi, miwani puani na tumbo limejaa ndizi nyama. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilikuwa nimekunywa.

Nipo kwenye korido ya ofisi. Nyuma ya meza ameketi kalamu yangu nyekundu, ile ninayosahihishia Kiingereza mwaka wa ishirini na mbili huu. Naye amevaa miwani.

"Shida yako, mwalimu?"

"Natafuta neno la kumpelekea dada yangu."

"Amefiwa?"

"Hapana. Ameudhiwa."

"Na nani?"

Natazama dari. Ni dari nzuri, imepakwa rangi juzi juzi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi mwanangu Subilaga anaolewa, na kwetu bibi harusi hukabidhiwa na shangazi yake. Shangazi anaye mmoja tu, dada Tusekile, aliyenilea na kunisomesha kwa kuuza maandazi mpaka nikamaliza ualimu. Siku ya send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, wakati wa kutambulisha ndugu, nilifika kwenye kiti chake nikaona amevaa kandambili, ya kushoto imefungwa kwa waya. Nikawatazama wakwe na suti zao. Nikamruka, nikaendelea na binamu wa mke wangu kana kwamba kile kiti kilikuwa kitupu. Sasa dada amesema harusini haji. Nami, msomi, nikamtumia ujumbe wa Kiingereza nilioupitia mara tatu: I regret any inconvenience, yaani nasikitikia usumbufu wowote uliojitokeza. Alisomewa na mwenye duka. Hakujibu.

"Tofautisha maneno yafuatayo," anasema kalamu. Ni swali langu mwenyewe, nalitoa kila mwaka.

Kwenye benchi wamekaa maneno watatu wa Kiingereza. Wa kwanza ni Regret, amefunga tai, anatazama nje ya dirisha kwa huzuni ya hali ya juu.

"Huyu nilimtuma wiki jana," nasema.

"Na nilifika," anasema Regret. "Nilisimama mlangoni, nikasikitika. Kulitokea jambo, sijui alilifanya nani. Kisha nikaondoka."

Naona mikono ya koti lake inaning'inia mitupu. Namuuliza mikono yake iko wapi.

"Kwa kazi yangu haihitajiki," anajibu kwa adabu.

Wa pili, Sorry, anahema na viatu vyake vimejaa vumbi. "Natoka msibani, kuna mtu kakanyagwa sokoni, na mahali fulani chai imemwagika. Kwa dada yako naweza kupita, ila sikai."

"Hutamuuliza amefanyiwa nini?"

"Nikiuliza nitachelewa." Na kweli, ameshaondoka.

Wa tatu ni Apologise, yaani kuomba radhi, hamali mfupi mwenye ngata kichwani, tayari kwa mzigo. "Mimi siendi kichwa kitupu," anasema. "Lete kosa, na jina la aliyelifanya."

"Kosa lenyewe ni dogo."

"Basi litabebeka."

Napapasa mifukoni. Korido imekuwa ukumbi wa send-off. Kipaza sauti kimevaa koti la kung'aa, kinaniambia niendelee kutambulisha ndugu. Naendelea vizuri mpaka kwenye kiti cha dada. Hapo ulimi wangu unatoka mdomoni, unakiruka kile kiti, unatua kwa binamu wa mke wangu na kuanza kumsifu. Ukumbi mzima unapiga makofi. Nataka kuuita urudi, lakini ningeuita kwa kutumia nini?

Chini ya kiti iko kandambili moja, ya kushoto, yenye waya. Naiokota. Ni nzito kama jiwe la kusagia. Naona aibu mpaka masikio yanawaka moto.

Ulimi unarudi wenyewe, umechoka. Naiweka ile kandambili kichwani kwa hamali, naye ananirudishia mikononi. "Huyo dada yako anajua Kiingereza?"

"Aliishia darasa la nne."

"Sasa ulikuja kututafuta sisi wa nini?"

"Kwa Kiingereza haiumi," nasema.

Kalamu anaandika kwenye daftari lake: ameelewa swali, hajalijibu.

Nikaamka. Jua lilikuwa bado kali na miwani imeanguka sakafuni. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kitu. Sikukitazama. Nikachukua simu kwa mkono wa kushoto.

"Dada," nikasema, "siku ile nilikuona. Niliona kandambili zako, nikaona haya mbele ya wakwe, nikakuruka makusudi. Nisamehe."

Iliuma. Upande wa pili nilisikia mafuta ya maandazi yakichemka.

"Jumamosi utanitambulisha wa ngapi, Gwakisa?"

"Wa kwanza, dada."

"Haya, nitakuja. Ila itabidi niazime viatu kwa jirani. Tangu mchana kandambili yangu ya kushoto siioni, nimetafuta mpaka uvunguni."

Ndipo nikautazama mkono wangu wa kulia. Waya ulikuwa umeniacha alama kiganjani.

"Usiazime," nikamwambia. "Ninayo hapa. Nakuletea sasa hivi."