Hadubini za Shangazi Kufuli

Serikali ilipoleta hadubini kumi na mbili kwa ajili ya masomo ya sayansi, mtunza maabara alizipokea kama mtu anavyowapokea wakwe. Alizipanga kwenye kabati la vioo, akakataza zisibanduliwe nailoni zilizotoka nazo kiwandani, kisha akazifumia vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, kila moja na chake. Kabati akalitia kufuli. Maabara nayo akaitia kufuli. Ndipo wanafunzi wakambatiza jina la Shangazi Kufuli, naye hakukasirika. Alikulia katika nyumba ambayo kochi jipya lilikaa na nailoni yake mpaka likazeeka, na kwake yeye huko ndiko kutunza.

"Shangazi, nipe japo moja," mwalimu wa baiolojia alimwomba kila wiki. Alikuwa mwanamke kijana, mcheshi, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. "Nimechoka kuchora vidudu ubaoni. Jana nimechora amiba, darasa zima likasema ni ramani."

"Chora vizuri, mwanangu. Hizi ni mali ya umma. Zikivunjika utazilipa wewe?"

Kila asubuhi, kabla ya kufuta vumbi, mtunza maabara alisimama mbele ya kabati na kumwomba Mungu avilinde vyombo vile. Mungu akavilinda. Mwaka ukapita bila hata mkwaruzo.

Siku ya ukaguzi ilipofika, alivaa gauni lake la kanisani. Moyoni alijua hiyo ndiyo siku ya kusifiwa. Mkaguzi kutoka wizarani aliingia, mwalimu mkuu na mwalimu wa baiolojia wakiwa nyuma yake. Mkaguzi mwenyewe alikuwa mzee mwembamba asiyekuwa na haraka. Nje lori kubwa lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha darasa. Mkaguzi alifunua kitambaa kimoja, akaigusa nailoni kwa kidole. Ikalia chwaa.

"Hizi zimefika lini, mama?"

"Mwaka jana, baba! Na zitazame. Utadhani zimeshuka leo."

Mkaguzi hakutabasamu. "Ndiyo. Utadhani zimeshuka leo." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu, agizo ni kwamba vyombo vilivyolala vipelekwe kwenye shule vitakakoamshwa. Lori ndilo hilo. Zifungwe."

Mwalimu mkuu alikohoa. "Hapana, mheshimiwa, tunazitumia sana. Ila wanafunzi wetu ni wasafi. Wakimaliza huzirudishia nailoni."

Mwalimu wa baiolojia aliangalia dari. Mkaguzi akamtazama mtunza maabara. "Ni kweli, mama?"

Neno "ndiyo" moja tu lingeziokoa hadubini zake. Lakini asubuhi ile ile alikuwa amesimama mbele ya kabati kuziombea, na mdomo ule ule ulikataa kusema uongo.

"Si kweli, baba. Nimezifungia mimi. Mwalimu ameomba mpaka amechoka. Nilidhani kutunza ni kuficha." Akaziweka funguo za kabati mezani. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, na leo nalia mimi. Lakini watoto hawana kosa. Tupe kipindi kimoja tu."

Mkaguzi alichungulia dirishani. "Dereva wangu anakunywa chai. Akimaliza chai, nami nimemaliza."

Mtunza maabara alitoa kichwa mlangoni, akamwita mpishi wa shule kwa sauti iliyovuka uwanja. "Mpishi wee! Mwongezee dereva chai! Ya moto, ile inayounguza!"

Mwalimu wa baiolojia hakusubiri aambiwe mara mbili. Aliita darasa lake, nalo likaja mbio. Nailoni zilichanwa kwa fujo kama karatasi za pipi. Msichana mmoja mrefu, waliyemwita Mlingoti, alichota maji ya kijani kwenye dimbwi chini ya bomba, na kila kundi likapata tone lake juu ya kioo chembamba.

"Shusheni lenzi polepole," mwalimu alionya. "Polepole! Mlingoti, hapo husagi mahindi!"

Kacha!

Lenzi ya Mlingoti ilikuwa imekanyaga kioo, nacho kilikuwa vipande viwili. Macho yote yakamgeukia Shangazi Kufuli. Msichana akaficha mikono mgongoni.

Mtunza maabara alihisi kama amevunjwa ubavu. Akaikagua lenzi, akaona ni nzima. Akamshukuru Mungu kimyakimya, kisha akafungua droo.

"Kioo kingine hiki hapa. Angalia usijikate, mama. Haya, rudia. Sasa unajua pa kuishia."

Mlingoti alirudia, akizungusha kitasa cha kushushia lenzi taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Ghafla akapiga kelele. "Kinatembea! Shangazi, njoo!"

Mtunza maabara aliinama. Hakuwahi kutazama ndani ya hadubini hata siku moja. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe, kisha ukungu, kisha ukungu ukafunguka. Kidudu kisichokuwa na kichwa wala miguu kilikuwa kikizunguka huku na huku, na pembezoni mwake mna vinywele vinavyopiga makasia.

"Ee Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hata huyu ulikaa ukamsuka nywele?"

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akasogea, akainamisha kichwa apate kuona.

"Subiri zamu yako, baba," mtunza maabara alimwambia bila kuinua jicho. "Foleni inaanzia kule."

Mwalimu mkuu nusura azimie. Lakini mkaguzi alikwenda kweli, akasimama nyuma ya wasichana wawili. Zamu yake ilipofika, alitazama muda mrefu kuliko wote mpaka wanafunzi wakaanza kuguna.

Dereva aliingia akipepea ulimi ulioungua. "Mkuu, nipakie nini?"

"Hakuna mzigo hapa," mkaguzi alijibu. Akamgeukia mtunza maabara. "Mama, vimevunjika vioo vingapi?"

"Vitatu, baba. Cha Mlingoti, na viwili vya kundi la nyuma," alisema, na aibu ikampanda tena.

"Nitaleta boksi zima. Mwaka ujao nikikuta havijavunjika, lori litarudi."

"Vitavunjika, baba! Kwa uwezo wa Mungu, vitavunjika!"

Dereva alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, hajui pa kuweka mikono. Mlingoti akamvuta kwa mkono wa shati.

"Njoo, mjomba. Funga jicho moja. Si hilo, lile jingine."